Pima Maji

Daktari alisema pazia la nyuma ya jicho limebanduka,
kama plasta iliyopigwa haraka.
Nikamwelewa. Miaka ishirini na sita
nimepiga plasta kuta za watu, Nkuhungu mpaka Ihumwa;
kilichobanduka hakirudi kwa kubembelezwa.

Wakanilaza, wakachokonoa, wakaniwekea kiputo cha gesi
ndani ya jicho la kulia, kilisukume pazia lishike.
"Sasa uso chini, siku kumi.
Ule chini, ulale chini, usali chini.
Na usipande ndege."
Chilewa akacheka mpaka nesi akamtoa nje.
"Ndege! Huyu hata jukwaa la ghorofa ya pili
analipanda kwa dua!"

Siku kumi nikatazama sakafu,
sakafu yangu mwenyewe, niliyoimwaga mwaka ule wa njaa,
saruji nikiipunja, mchanga wa korongoni.
Nikauona ufa.
Nikaona unyayo wa kuku uliokauka humo,
na kando yake alama ya kidole cha marehemu mke wangu,
alipogusa kujua kama imeshika.
Miaka kumi na tisa naikanyaga.

Wageni niliwajua kwa miguu.
Damari, ndala mbili zisizo ndugu, moja ya buluu moja ya kijani,
na unga wa uwele kwenye vidole.
Sefu wa Kondoa, raba iliyotoboka
dole gumba likachungulia kama panya mwenye adabu.
Aliyekuja na viatu vya kung'aa alikuwa mdai;
akasema pole, akakaa, akasahau kudai.

Yoeli seremala hakusema kitu. Alinipima kichwa kwa futi,
kesho yake akaleta benchi lenye tundu,
kingo zake amezivika godoro kuukuu.
Nikatumbukiza uso humo
kama ng'ombe kwenye hori,
uji nikaunyonya kwa mrija.

Na ilikuwa Agosti. Upepo wa Agosti mnaujua,
unavyobeba shamba la jirani ukakuwekea mezani.
Damari akalowesha khanga, akaitundika dirishani,
ikikauka anailowesha tena,
na maji yenyewe ni ya mgawo.

Usiku wa nne nikavunjika.
Shingo inawaka, na nawaza: fundi wa jicho moja
nani atamkabidhi ukuta?
Ukilia umeinama, chozi halipiti shavuni.
Linadondoka tu, tap, sakafuni.

Chilewa akasikia.
Akatandika mifuko mitupu ya saruji,
akajisukuma chali chini ya benchi kama fundi magari,
mpaka uso wake ukafika chini ya wangu.
"Mbukwa," akasema.
Siku nne nilikuwa sijaona uso wa mtu.
Alikuwa hajanyoa. Alikuwa amechoka.
Chozi likamtua puani.
"Dari linavuja," akasema. "Nani kajenga hapa?"

Septemba kiputo kikaanza kushuka.
Nikiinua kichwa nauona mstari wake jichoni,
unacheza, unatulia, unacheza,
na mimi niliyebeba pima maji maisha yangu yote
sasa nimekuwa pima maji.
Mji huu tumezoea kuchungulia tangi kwa hofu,
maji yakishuka tunanyamaza.
Hiki kilishuka wakashangilia.
"Leo kimefika wapi?"
"Kwenye kidevu cha Sefu."
"Na leo?"
"Kwenye mkanda wake. Halafu Sefu, funga zipu."

Jicho limerudi, si lote.
Kila mstari mnyoofu linaupinda kidogo katikati,
kama mbao iliyonyeshewa.
Juzi, kazini Mtumba, nikasimamisha kazi:
"Chilewa, kona hii imelala."
Akashusha timazi. Tukasubiri itulie.
"Imesimama," akasema.
Nikatazama tena. Imelala.
"Imesimama?"
"Imesimama."

Nikachota udongo, nikaweka tofali linalofuata.